Bunduki Zikiwekwa Chini, Nani Atatulinda?

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za haki na amani za parokia)



Swali tulilolifanya kichwa cha mada hii si letu. Tumelisikia katika parokia za wafugaji: "Mnatuambia tusalimishe bunduki. Nani atatulinda usiku?" Ni swali la haki. Kule Karamoja, Uganda, zoezi la kukusanya silaha lilipofanyika mwaka 2001 na 2002, wapo waliozitoa kisha wakavamiwa na majirani ambao bado walikuwa nazo. Kwa hiyo leo hatukuja na jibu la haraka. Tumekuja na historia ya mahali pengine palipoulizwa swali hilohilo, yaani Ireland ya Kaskazini.

Tuanze na Robert Peel. Mwaka 1814, akiitumikia serikali ya Uingereza huko Dublin, alianzisha kikosi cha kutuliza ghasia Ireland. Mwaka 1829, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alianzisha polisi wa London. Hao wa London walivaa sare ya buluu ili wasifanane na wanajeshi wenye sare nyekundu, na silaha yao ya kawaida ilikuwa rungu la mbao. Polisi wa Ireland waliofuata waliishi kambini na kubeba bunduki. Askari wa London alitakiwa akubalike kwa wananchi. Wa Ireland alitakiwa aogopwe. Na mfano wa Ireland ndio uliopelekwa katika makoloni mengi ya Uingereza, yakiwemo ya Afrika Mashariki. Hapo nasi tunahusika.

Ireland iligawanywa mwaka 1921. Kusini kukaundwa polisi wapya mwaka 1922, na ingawa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwaka uleule, iliamuliwa askari wa kawaida wasibebe bunduki. Hali iko hivyo hadi leo. Kaskazini, iliyobaki chini ya Uingereza, polisi waliendelea kuwa na silaha.

Mapigano yaliyoanza huko Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliua watu zaidi ya 3,500, wakiwemo polisi wapatao 300. Wakatoliki walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wananchi, lakini katika polisi walikuwa kama asilimia 8 tu. Wenye bunduki za kificho wakasema: polisi ni wa wenzetu, sisi tunajilinda wenyewe.

Mkataba wa amani ulifikiwa tarehe 10 Aprili 1998. Silaha zilitakiwa ziwe zimeondolewa ifikapo Mei 2000. Haikuwezekana. Mambo yalisogea pale kazi mbili zilipokwenda pamoja.

Ya kwanza ni polisi. Mwaka 2001 jeshi lilibadilishwa jina na nembo. Kwa miaka kumi, nusu ya walioajiriwa walitoka kwa Wakatoliki. Ikaundwa bodi ya kulisimamia jeshi, pamoja na ofisi huru ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya askari.

Ya pili ni silaha zenyewe. Hazikukabidhiwa kwa serikali wala kwa maadui, bali ziliharibiwa mbele ya tume huru iliyoongozwa na jenerali kutoka Kanada. IRA walipomaliza, Septemba 2005, kando ya tume walisimama mashahidi wawili: padre Mkatoliki, Alec Reid, na mchungaji Mmethodisti, Harold Good. Picha hazikutolewa, na wapo waliolalamika. Wananchi waliombwa waamini neno la watumishi hao wawili. Januari 2007 chama cha Sinn Féin kikakubali kuwaunga mkono polisi. Vikundi vikubwa vya upande wa pili vilimaliza kuondoa silaha zao mwaka 2009 na 2010.

Tusipambe mambo. Mwaka 2009 askari polisi aliuawa tena. Polisi wa huko bado wanabeba bunduki, na Wakatoliki ndani ya jeshi ni karibu theluthi moja tu.

Wanakamati, mkiombwa kuwahimiza watu wasalimishe silaha, ulizeni kwanza mambo matatu. Je, jirani naye anatoa kwa wakati uleule? Nani atashuhudia zikiharibiwa? Askari akitukosea, tutapeleka wapi malalamiko yetu? Msipopata majibu, msiweke heshima ya kanisa rehani.

Nanyi wafadhili wetu, kutoka kwenye mkataba hadi Septemba ile ilipita miaka saba. Miradi yetu hupewa mitatu. Kamati inayokaa na mkuu wa kituo cha polisi kila mwezi haina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti, na mara nyingi ndiyo hukatiwa fedha kwanza. Tunawaomba msiikatie.