Kura ya Wajumbe na Kura ya Umma

Mwaka 1965 TANU ilisimamisha wagombea wawili karibu katika kila jimbo, jembe na nyumba, na umma ukakata shauri. Hata Waziri Paul Bomani aliangushwa. Nachingwea nako, mwaka 2015, wanachama wote wa CCM walipiga kura za maoni, na Waziri Mathias Chikawe akashindwa.

Mwaka 2020 kura hizo zilirudishwa kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Wajumbe walikuwa wachache, na nyumba zao zilijulikana; mwenye fedha aliweza kuwazungukia kwa usiku mmoja. Na mjumbe anayeogopa kuitwa msaliti hunyamaza, kisha kimya chake huitwa utiifu.

Ruangwa mwaka huo mgombea alipita bila kupingwa. Mkulima wa korosho asiyekuwa mjumbe hakuulizwa lolote kuhusu ubunge.