Popoo na Ibaki Hekaluni

Ndugu waumini, nanyi majirani zetu wa Same na milima ya Upare,

Popoo tunayoiweka madhabahuni ni ishara ya heshima. Ikitafunwa, huweza kuleta saratani ya kinywa, hata pasipo tumbaku. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilichapisha jambo hilo mwaka 2004. Tumbaku, ya kuvuta au ya kutafuna, huzidisha hatari, pombe vilevile.

Kwa miaka mingi niliuza popoo na tumbaku dukani kwangu. Leo nimeviondoa, ijapokuwa wateja wananung'unika.

Mwenye kidonda au doa jeupe kinywani lisilopona kwa wiki 2 asingoje maumivu, aende hospitali. KCMC, Moshi, hutibu saratani, nayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi.

Popoo na ibaki hekaluni.