Jaribuni Tundu Kabla ya Kununua Kompyuta

(Mazungumzo na makatibu wa vyama vya msingi, Tabora)



Hesabu za vyama vyetu sasa huingizwa katika MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mtandao ukikatika katika msimu wa tumbaku, kazi husimama. Nimeona chama kikiambiwa kompyuta imeharibika, kikanunua nyingine, kumbe panya walikuwa wamekata waya. Zilikuwa fedha za wakulima.

Vifaa viwili vidogo vingewaokoa. Cha kwanza ni kipima waya, chenye vipande viwili. Chomoeni waya pande zote mbili, kisha chomekeni kila ncha katika kipande chake. Taa zitawaka 1 hadi 8, moja kwa kila uzi. Isiyowaka ni uzi uliokatika. Zikiruka mpangilio, nyuzi zimefungwa vibaya. Kifaa hiki hakipimi kasi, wala kisichomekwe kamwe katika kompyuta.

Cha pili hupima tundu lenyewe. Ni plagi fupi ambayo ndani yake uzi wa 1 umeunganishwa na wa 3, na wa 2 na wa 6, ili kinachotumwa kirudi pale pale. Wazee wa Unyanyembe walijua msafara umefika Bagamoyo pale majibu yaliporudi. Ndivyo ilivyo hapa. Taa ya tundu ikiwaka, kwa kawaida tundu ni zima. Isipowaka, hasa baada ya radi, ndipo aitwe fundi, naye aulizwe kwanza bei ya kadi ya mtandao, si ya kompyuta nzima.