Mchongaji Aliyetaka Pistoni Kwanza

Juma lililopita nilikuwa nimekaa kwenye gereji moja hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, vijana wawili wakibishana wapi wapeleke bloku la injini ya Noah likachongwe. Mmoja anasema Gerezani, Dar es Salaam, kwa kuwa shemeji yake yuko huko. Mwenzake anasema popote penye bei nafuu, mashine ni ile ile. Nilinyamaza, nilikuwa mgeni wa watu. Leo nina kipaza sauti.

Mashine ni ile ile, sawa. Ila kuna bahari. Mtu wa Ilala akichongewa vibaya, kesho asubuhi anapanda bajaji anarudi kugombana. Sisi tuvuke hadi Nyamisati, tutokee Bungu, tushike barabara ya Kilwa mpaka Mbagala, ndipo tuanze kuhangaikia usafiri wa kuingia mjini, na chuma chote kile kiko mabegani mwa kijana wa watu. Likirudi bovu, safari hiyo unaianza upya.

Mimi nimeianza upya. Injini ilikuwa ya Noah, ile 3S ya petroli, silinda 4, kila moja ina upana wa milimita 86. Niliichemsha mwenyewe, nisimsingizie mtu. Rejeta nilikuwa naijaza maji ya kisima, haya yetu yenye chumvi kwa mbali, mpaka njia za maji zikaziba kwa ukoko. Ikala oili, ikatoa moshi wa buluu. Fundi wangu akaifungua, akapitisha ukucha kwenye silinda, karibu na juu, ukakwama. Pale ringi zinapogeuzia ndipo ukuta unapolika zaidi, na juu yake hubaki kingo. Akasema, bloku hili likachongwe.

Karakana ya kwanza sitaitaja. Niliichagua kwa sababu uwanja ulijaa magari na jamaa aliniahidi kazi siku hiyo hiyo. Alipokea bloku, akauliza jina langu na namba ya simu, basi. Saa kumi alikuwa ameshachonga: ameongeza nusu milimita, ile wanayoiita 0.50. Nikaenda dukani nikanunua pistoni zilizoandikwa 0.50, nikavuka nazo nikiwa na furaha zangu. Miezi miwili baadaye injini ikawa inagonga kila asubuhi kabla haijapata moto, na oili inakwisha kama zamani. Pistoni zilikuwa zinacheza ndani ya silinda.

Safari ya pili nikaelekezwa kwa mzee mmoja, banda dogo, gari hata moja halikuwapo nje. Kabla hajaligusa bloku akaniuliza, "Pistoni ziko wapi?"

"Nitanunua baadaye, mzee."

"Basi na mimi nitachonga baadaye."

Niliona ananiringia. Kumbe hapo ndipo penye kazi yote. Ile 0.50 kwenye boksi ni jina tu. Pistoni za kiwanda hiki na za kiwanda kile, zote za namba hiyo, huweza kupishana kwa sehemu kadhaa za mia za milimita, na nafasi inayotakiwa baina ya pistoni na ukuta wa silinda nayo ni sehemu chache tu za mia. Unywele wa kichwani kwako unaweza kuwa mnene kuliko nafasi hiyo. Kwa hiyo anayejua kazi huipima pistoni, ndipo akaichongea silinda yake. Anayechonga kwanza anakushonea kanzu, halafu anakutuma ukatafute mtu wa kuivaa.

Bloku langu lilikuwa limeshaliwa nusu milimita, haikubaki ila kwenda milimita nzima. Nikanunua pistoni za 1.00, nikamletea. Akatoa maikromita kwenye kasha lake akaifuta, kisha geji ya kupimia ndani. Kila silinda akaipima juu, kati na chini. Na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa bloku na kwa upana wake. Vipimo sita kwa silinda, jumla namba 24, zote akaziandika kwenye karatasi. Wapo wachongaji waliosomea VETA Chang'ombe, wapo waliofunzwa na wajomba zao. Mimi cheti cha ukutani sikiulizi tena. Naomba kuonyeshwa maikromita, na kama imelala kwenye ndoo pamoja na nyundo, nasema asante naondoka.

Alipomaliza kuchonga na kusugua kwa jiwe, kuta za silinda hazikung'aa kama kioo. Zilikuwa na mikwaruzo myembamba inayokatana, kama ususi wa ukili, na humo ndimo oili inamobaki. Halafu akanifanyisha kazi mimi: osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kipite kitoke cheupe. Unga wa jiwe la kusugulia ukibaki ndani, utaisaga injini kuanzia siku ya kwanza.

Aliposikia naenda Mafia, akaniongezea oili nzito ndani ya silinda zote. Silinda iliyotoka kuchongwa haina kinga yoyote, na upepo wa chumvi wa baharini hauchelewi kuitia kutu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo wa kulifungia sikuwa nao, nikavua shuka langu. Nikalilowesha oili, nikalifunga bloku, nikaliweka miguuni chomboni. Mama mmoja akaniuliza nimebeba ng'onda wa nani.

Kuna watakaosema nunua injini ya mtumba iliyotoka Japani, uepuke yote haya. Huenda. Lakini hiyo nayo ndani huioni mpaka uwe umeshalipa.

Noah linatembea, rejeta sasa ina kipozeo cha dukani. Ile karatasi ya namba 24 iko kwenye kasha la dashibodi, imelowa oili pembeni. Namba za silinda ya tatu zimeandikwa mara mbili, kwa sababu mzee alizipima, akaziangalia, akavaa miwani, akapima tena.