Pale Uani Pasipokauka
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Garsen

Leo tuzungumze juu ya ile sehemu ya ua ambayo haikauki hata mvua ikikatika. Wengi mnayo: kando ya kisima, nyuma ya jikoni, au pale udongo mweusi wa mfinyanzi unaposhika maji kama sufuria.

Vikundi vingi hukimbilia mipapai kwa kuwa huzaa upesi na sokoni inauzika. Lakini mpapai hauvumilii. Maji yakituama siku mbili tatu tu mizizi huanza kuoza, majani yanageuka manjano, na michango yenu ndiyo hiyo imekwenda. Mihogo na maharagwe ni vivyo hivyo. Basi kabla ya kuuliza bei ya mche, ulizeni habari za maji.

Chimba shimo la kufika goti, lijaze maji, urudi kesho yake asubuhi. Ukiyakuta bado yamejaa, hapo panataka mimea inayopenda maji. Tena, wakati wa kiangazi, angalia kama udongo unatoa chumvi nyeupe juu, hasa ninyi wa kuelekea Kipini. Palipo na chumvi hata nduma hukataa.

Mtaniambia, mbona miembe ya kando ya mto ilivumilia mafuriko ya 1997 na ya 2023? Ni kweli, lakini maji yale yalikuja yakaondoka. Maji ya kulala mwaka mzima ni habari nyingine.

Mimi ningeanza na nduma, yaani majimbi. Hukua ndani ya tope lenyewe, na mbegu ni vichipukizi vya jirani, hununui. Zipikwe ziive sawasawa, maana mbichi huwasha koo. Mpunga wazee wa Kipokomo wanaujua kuliko mimi, sitawafundisha. Migomba ipandeni pembeni, juu ya tuta, kwani hupenda unyevu lakini haitaki kusimama majini.

Halafu kuna mkindu. Kina mama, ninyi mnaosuka mikeka, huu si wa kusahau. Kwa asili yake huota penye maji, na hutoa machipukizi shinani ya kuhamisha. Hukua polepole, kwa hiyo upandwe sasa, na nduma ziliwe wakati mnaungoja.

Jambo moja nalisisitiza kwa ajili ya watoto. Nduma inataka tope, haihitaji dimbwi. Yai la mbu hufikia kuruka kwa wiki moja hadi mbili hivi, na malaria tunaijua. Chimbeni mfereji mdogo maji ya juu yaondoke, udongo ubaki na unyevu wake. Na kama unyevu huo unatoka chooni, msipande hapo mboga wala nduma. Hapo wekeni mkindu.