Simu ya Upepo Ndani ya Gari

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka chini ya sauti.)

MTANGAZAJI:  Ndugu msikilizaji, uwe Katubza, Likuni au Kawale, karibu. Na wewe mwenye safari ya Lilongwe leo, tusikilize kidogo kabla matola haijajaa.

Vijana kadhaa wameniuliza: ile antena ndefu mbele ya magari ya mashirika ni ya nini, na je, fundi wa hapa kambini anaweza kufunga redio ya namna hiyo kwenye gari? Wazee waliotoka Kivu hawakuuliza, maana wao wanaijua foni. Kabla ya simu za mkononi, ukitaka kumjulisha ndugu yako wa mji wa mbali kwamba mtoto amezaliwa, ulikwenda nyumba ya foni, ukalipa, mwendeshaji akapaza sauti kwenye maikrofoni, na uwanja mzima ukasikia mambo ya familia yenu. Hilo la uwanja mzima mliweke akilini, nitalirudia.

Niliwahi kupanda gari lililokuwa linampeleka mama mjamzito hospitali usiku. Gari la nani, sitasema. Kwenye dashibodi palikuwa na simu ya upepo, bado mpya, taa yake inawaka, na njia nzima tulisikia vituo vikiitana vizuri kabisa. Dereva akachukua maikrofoni ili hospitali wajiandae. Akabonyeza, redio ikazima. Akaachia, ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima tena. Simu za mkononi pale hazikushika mtandao. Tukafika, hakuna aliyekuwa anatungoja, na mama yule alikaa mlangoni huku muuguzi akitafutwa. Alijifungua salama, tunashukuru. Lakini ile taa iliyokuwa inazima na kuwaka sijaisahau.

Baadaye nikakaa na mafundi wakanieleza. Aliyefunga redio ile alichukua umeme kwenye tundu la kuwashia sigara, kwa sababu liko karibu na kazi inakwisha haraka. Sasa sikilizeni vizuri, vijana. Redio ikiwa inasikiliza tu, hula umeme kidogo, mara nyingi haifiki hata ampea moja. Ikizungumza, redio ya wati 50 inavuta ampea 10 au zaidi. Waya mwembamba wa lile tundu unashindwa, volti zinashuka, redio inazima. Ndiyo maana mtu anaweza kuijaribu kwa kusikiliza siku nzima akasema ni nzima.

Kwa hiyo waya mnene hutoka moja kwa moja kwenye betri. Na fyuzi inakaa karibu kabisa na betri, si nyuma ya dashibodi ambako ni rahisi kuifikia. Sababu yake ni hii: gari linatikisika, waya unasugua bati mpaka plastiki inaisha, na waya mtupu ukigusa bodi bila fyuzi nyuma yake unakuwa moto. Pale waya unapopenya ukuta wa injini kuingia ndani, weka mpira kwenye tundu. Mpira huo ni wa bei ndogo sana, na ndio watu wanaouruka! Halafu uliza kwanza gari ni volti ngapi. Malori mengi ni 24, redio nyingi za magari ni 12. Ukiunganisha hivyo hivyo bila kifaa cha kupunguza volti, umeichoma redio ya watu.

Redio yenyewe iwekwe mahali ambapo dereva anaifikia bila kuinama, isizuie miguu yake, wala isikae mbele ya mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Chombo kikikaa hapo, mfuko ukifumuka kinakurukia usoni.

Antena ndiyo nusu ya kazi. Ile fupi, kama nusu mita, hupenda katikati ya paa, kwa kuwa bati la paa linaisaidia kutupa sauti pande zote. Kitako chake lazima kiguse chuma, si rangi. Redio za antena fupi husema kwa mstari ulionyooka, kilima kikikaa katikati zinanyamaza, isipokuwa kuna mtambo wa kupokezana juu ya mlima. Ile ndefu ya mbele ni ya masafa ambayo hupanda juu angani, yakagonga na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Iwe ndefu au fupi, usibonyeze kuzungumza kabla antena haijaunganishwa. Nguvu inayokosa pa kutokea inarudi ndani na inaweza kuiua redio.

Mtu atasema, zama hizi za simu, ya nini yote hayo? Machi 2023 kimbunga Freddy kilipopiga kusini mwa Malawi, watu zaidi ya 600 walikufa, na umeme na simu vilikatika sehemu nyingi. Simu yako inahitaji mnara, na mnara unahitaji umeme. Gari lenye betri na antena halimngoji mtu.

Sasa ule uwanja mzima. Simu ya upepo haina siri. Mwenye redio ya masafa hayohayo anasikia kila neno. Kwa hiyo dereva au mhudumu asitaje jina la mgonjwa, wala ugonjwa wake, wala nyumba ya mtu aliyeomba ulinzi. Anasema namba ya gari, anatoka wapi, anafika saa ngapi. Sisi wengine hapa tulikimbia watu ambao bado wanatutafuta. Kwetu jina kutajwa hewani si jambo dogo, na una haki kumwambia dereva hivyo.

La mwisho, kwa wanaotaka kuinunua wenyewe. Hapa Malawi masafa yanasimamiwa na MACRA, na kurusha bila kibali ni kosa. Hata redio ya ridhaa, ya mtu anayefanya kwa kupenda tu, ina leseni na jina la kuitia, ambalo hapa huanza na 7Q. Na leseni hiyo si ya biashara, kwa hiyo mwenye matola asidhani ataitumia kutafuta abiria. Mkimbizi akikutwa na redio isiyo na karatasi, ataulizwa maswali ambayo hayahusu redio peke yake. Kujifunza kuifunga, hakuna anayekukataza. Ukipewa kazi ya kufunga, ukimaliza bonyeza uzungumze, injini ikiwa imezimwa, uangalie kama taa inabaki.

Maswali yaandikeni mlete hapa studio.

(Muziki wa kufungia.)