Bima ya Ajali Kando ya Bima ya Matibabu na ya Safari
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imenitaka niseme habari za bima ya ajali, na sababu yake mtaiona mkifungua ukurasa wa hesabu. Fedha zilizotoka kwa ajili ya wagonjwa wa kawaida si nyingi. Zilizotuelemea ni zile tulizowachangia watu waliovunjika: aliyeanguka na pikipiki, aliyeangukiwa na gogo, aliyekuwa ndani ya matatu iliyopinduka. Na wengi wao walikuwa wamejiandikisha katika bima ya afya. Basi swali tuliloulizana ni hili: ikiwa hospitali imekwisha kulipwa, mbona bado twapitisha kofia?

Nitajibu kwa mfano. Tumfikirie kijana wa upande wa Wote, ambaye kazi yake ni kupanda miembe na kuwachumia watu maembe msimu wa mauzo. Tawi lakatika, naye aanguka na kuvunjika mkono na nyonga. Jirani wampeleka hospitali. Zamani alikuwa chini ya ule mfuko wa NHIF ulioanzishwa mwaka 1966. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, ambao mwenye mshahara huukatia 2.75 kwa mia ya mapato yake, na mlipaji yeyote hatoi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Ikiwa kijana huyu amelipa, mfuko wailipa hospitali kwa kadiri ya viwango vyake. Lishikeni neno hilo: wailipa hospitali. Yeye mwenyewe hapati senti mkononi, wala hilo si kosa la mfuko, maana haukuundwa kwa kazi hiyo. Hata ule mpango wa Makueni ulioanza mwaka 2016, ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa, nao tuliusifu kwa haki, ulikuwa wa matibabu tu.

Kijana arudi nyumbani, alale miezi mitano. Unga wataka kununuliwa, na karo, na mitungi ya maji wakati wa kiangazi. Mambo hayo hayana risiti ya hospitali. Na mkono ukiunga vibaya, hatapanda mwembe tena maisha yake. Hapo ndipo kofia hupitishwa.

Wengine watasema, yuko bima ya safari. Hiyo yafaa sana kwa aendaye ng'ambo. Mtoto wetu akienda masomoni katika nchi za Ulaya zile zenye viza moja ya Schengen, hapewi viza ya muda mfupi asipoonyesha bima ya matibabu ya yuro 30,000 au zaidi. Waendao Ghuba kufanya kazi nao yawapasa waulize, kabla ya kupanda ndege, ni bima gani waliyokatiwa na ni nani atakayelipa maiti irudishwe, tusije tukachangishana kwa jambo hilo. Lakini bima ya safari huanza na safari na kwisha pamoja nayo. Mtu akisharudi Kibwezi na kushuka mlangoni pake, imekwisha. Nayo ajali nyingi zetu hutokea karibu na nyumbani.

Bima ya ajali ya mtu binafsi ni kitu cha namna nyingine. Humlipa mtu mwenyewe, na akifa huwalipa aliowaandika. Aghalabu huwa na mafungu manne: malipo ya kifo, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo ya kila juma kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, na gharama za matibabu mpaka kiasi fulani. Ulemavu hupimwa kwa orodha iliyomo ndani ya hati. Tuseme hati ni ya shilingi 500,000 na orodha yasema jicho moja ni 50 kwa mia. Basi aliyepoteza jicho hupewa 250,000. Orodha hazifanani, kwa hiyo husomwa kabla ya kutia sahihi, si baada ya kuumia.

Hapa pana jambo ambalo mawakala hawalielezi vema. Gharama za matibabu hazilipwi mara mbili. Ikiwa bima ya afya imelipa hospitali, kampuni ya bima ya ajali italipa kile kilichobaki tu, maana bima ya namna hiyo hurudisha hasara na haileti faida. Lakini malipo ya kifo, ya kiungo na ya kila juma hayahesabiwi hivyo, kwa kuwa hakuna awezaye kutaja bei ya mkono wa mtu. Kiasi kilichoandikwa hulipwa kamili, hata kama mwenyewe ametibiwa bure, hata kama amelipwa na bima ya safari, hata kama mwenye gari ameshtakiwa akashindwa. Ndiyo maana nasema bima hizi hukamilishana. Afya huondoa deni la hospitali, safari humshika mtu akiwa ugenini, na ajali huiweka nyumba mpaka mtu ainuke.

Mzee mmoja aliniuliza, je, bima ya gari haitoshi? Kila gari barabarani lazima liwe na bima ya kuwafidia wengine, na abiria wa matatu wamo ndani yake. Ni kweli. Lakini fidia hiyo hutaka ithibitishwe kwamba dereva ana kosa. Hutaka wakili, na kesi ifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita, na safari nyingi za mahakama ya Makindu au ya Kitui. Kampuni yenyewe hailazimishwi kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Na kampuni yaweza kuanguka kesi ikiendelea. United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, zote zilizokuwa zikibeba bima za matatu, ziliwekwa chini ya wasimamizi, na waliokuwa wakidai wakabaki na hukumu mikononi. Uko mfuko wa serikali wa kuwafidia wenye bima, lakini hautoi zaidi ya shilingi 250,000 kwa dai moja.

Kadhalika Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa aliyelemaa kabisa mshahara wa miezi 96. Ni sheria njema, kwa mwajiriwa. Mchuma maembe anayelipwa kwa kreti, mwenye pikipiki yake mwenyewe, mama anayekwenda gulioni na kapu lake, hao watamdai nani?

Tarehe 4 Desemba 2021 sote twaikumbuka. Basi lililowachukua waimbaji wa kanisa na jamaa zao kwenda harusini Nuu lilisombwa na mto Enziu, huko Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sitasema neno juu ya nani alistahili kulipa, wala mambo ya familia zile si ya kusemwa hapa. Nataja siku ile kwa sababu wale hawakuwa kazini wala katika barabara kuu ya Mombasa. Walikuwa wakienda kula harusi. Na mtu akichukuliwa na maji akivuka kwa miguu, hakuna dereva wa kushtakiwa.

Sasa nitoe na ubaya wake, maana sikuja hapa kuuza bima. Ugonjwa si ajali: mtu akipata kiharusi shambani na kuanguka, kampuni itasema ni maradhi. Mlevi hulipwa kwa nadra sana. Pikipiki katika hati nyingi imetolewa nje kabisa, au huongezewa malipo. Hati isiyomlinda mpanda bodaboda katika Kitui na Makueni ni karatasi tu, na kamati haitaikubali. Kuumwa na nyoka pia lazima kuandikwe wazi, kwani huko Mutomo si jambo la hadithi.

Liko na jambo gumu kuliko hayo. Kampuni nyingi hukoma kwenye umri wa miaka 65 au 70. Maana yake ni kwamba wazee waliokianzisha chama hiki, waliochanga tangu tulipokuwa watoto, wataachwa nje ya bima ambayo fedha zao zingesaidia kuilipa. Katika kamati tulibishana jioni nzima juu ya hilo. Wako waliosema basi tuliache. Mimi naona kwamba ikiwa vijana wamekingwa na bima ya kikundi, mfuko utapona mzigo wao, na kilichomo kitakuwa cha wazee pasipo kugombaniwa. Lakini liandikwe katika kanuni leo, kwa maneno, kwamba sehemu yao haiguswi kulipia bima. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Mkikubali, malipo yatapelekwa moja kwa moja kwa kampuni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Kusimamia Bima, si mkononi mwa wakala, na kabla ya siku ya kuanza. Kwa sheria ya Kenya bima isiyolipiwa si bima. Mwenye kuumia atoe habari upesi, aweke karatasi za hospitali na za polisi.

Karani anayo daftari mlangoni. Kila mwanachama aandike jina lake kama lilivyo katika kitambulisho, umri wake wa kweli, kazi yake ya kweli, na mtu atakayelipwa akifa. Na anayepanda pikipiki, hata ikiwa ni siku ya soko tu, aseme, kwa kuwa akificha tutalipa mwaka mzima na siku ya ajali kampuni itaikataa hati. Maswali ya wazee juu ya kanuni ile nitayajibu kwanza.